Ampli ya Sinema Pembeni ya Chaîne ya Bwana Yangu

Siku ya tano, 3 octobre

Nilipangusa chaîne ya muziki kama kila siku ya tano. Ampli, platine ya disque, bafle mbili za mbao, sanduku za kutoa sauti, zenye kufika ku kiuno yangu. Bwana yangu alizinunua wakati kampani ilikuwa ingali kampani. Sasa yeye iko mu udongo. Kampani inabakia sirène tu, inaita bantu ku kazi yenye haiko.

Léo, mutoto yangu, alitia sinyature ku barua ya kutoka. Balimupa feza mara moja, asante, uende. Camp yote ya bantu ya kampani iko vile. Kila mulango imekuwa boutique ya chumvi na sabuni. Nani atanunua kwa nani, sijui. Léo hataki chumvi. Anataka kuonyesha sinema na mupira mu saloni yangu, bantu balipe kuingia. Kwa ile, anasema, inafaa ampli ya sinema, ile banaita home cinéma. Sauti itoke mbele, pembeni, na nyuma.

Nilimuambia: upumbavu. Lakini naona vile anaangalia bafle za baba yake. Kama mutu anaangalia kuku ya jirani.

Siku ya posho, 4 octobre

Posho yenyewe ya kampani ilikufa, siku ilibakia na jina.

Tulienda mu ville kwa Ba Kambale, mufanyabiashara ya Butembo. Anauzisha bintu kwa jumla, na Biblia juu ya meza. Alikuwa na aina mbili. Ya kwanza, kartoni moja, yote ndani: ampli na bafle tano za plastiki, nyepesi kama bikombe. Taa ya bleu. Ku kartoni baliandika mille watts, herufi kubwa. Léo macho ilimutoka. Ya pili, ampli peke yake. Nyeusi, nzito, bila mapambo.

Nilisema bawashe tusikie. Ba Kambale alicheka, mama mukubwa, hapa bantu bananunua na macho. Nilimuambia miye nina masikio. Ile ya plastiki ilipiga kelele kama sufuria inaanguka. Ile nyeusi, mwanamuke aliimba, ukasikia mpaka pale anavuta pumzi.

Halafu nilitaka kuona nyuma. Nyuma yake kuko matundu ya kutuma sauti ku ampli ingine. Ba Kambale alieleza polepole, kama kwa mutoto, na kwa mara moja sikukasirika. Ampli ya marehemu itaendelea kusukuma bafle zake kubwa. Ile mupya itasukuma tu bafle ndogo za katikati na za nyuma, zenye anauzisha kando. Ukitaka disque, unawasha ya zamani peke yake, ingine inalala. Ile ya kartoni haina matundu kama ile. Ingefaa Léo aondoe bintu ya baba yake, auzishe.

Nilichagua. Léo alilipa na feza ile ya kutoka, akanuna mpaka ku nyumba. Anune.

Siku ya tatu, 8 octobre

Mado njo alifunga nyaya yote. Muke ya Léo, mutoto ya Kasenga. Miaka yote iko hapa sikumupenda sana. Anasema kidogo, na miye, mutu ya maneno kidogo, ninamuogopa. Alisoma kitabu ya maelezo mu kifaransa. Miye siwezi. Ku foyer ya bamama ya kampani balitufundisha kushona na kuandika majina, na kifaransa ya kusalimia padiri. Ile pia iliniuma.

Sauti ni muzuri. Mvua ya mu sinema ilinyesha nyuma yangu, nikaangalia bati. Sikuambia mutu.

Taabu ni courant, umeme ya mu camp. Kila kisha mchana inaregea, nguvu inapungua, taa inakuwa nyekundu, ampli mupya inajizima. Ya zamani inavumilia. Ba Kalenga, jirani, alisikia. Akapita mbele ya mulango kusema nkambo, njo miye bibi muzee, alinunua ampli ya Bazungu, sasa inataka courant ya Bazungu. Yeye anauzisha sabuni ya kukata. Ba mudomo.

Siku ya yenga, 12 octobre

Siku ya kufungula. Kisha misa saloni ilijaa, bengine balisimama ku dirisha. Sinema ilianza. Courant ikaregea. Ampli ikafanya tak, ikakufa. Léo alipanda kinga, baiskeli yake, kwenda kuazima régulateur ya kutuliza courant kwa mutu balitumika naye ku kampani.

Bantu balianza kupiga miluzi. Ba Kalenga akasema, sauti ya juu:

"Nkambo, imba weye. Tunangoja."

Bakacheka. Mu saloni yangu.

Nyuma ya ampli kuko kifungo ya kugeuza, 220 na 110. Mu camp, courant ikiregea, bantu banageuza ku 110, mashini inaamuka. Lakini mutu lazima abakie pale, mukono ku kifungo. Courant ikirudia na nguvu yake kabla hujarudisha ku 220, kila kintu inaungua. Nilijua. Kila mutu hapa anajua.

Nilipita nyuma ya rido, pazia ya kuficha nyaya, kama mutu anatafuta kiti. Niligeuza. Sauti ilirudia. Balipiga makofi, Ba Kalenga alinyamaza. Na miye, badala ya kubakia pale, nilienda kuikala mbele, mugongo wima. Nilitaka anione.

Courant ilirudia na nguvu. Moshi.

Léo alikuta ile moshi. Aliona kifungo ku 110. Mado alikuwa amesimama karibu na mashini, commande ya kuwashia mu mukono.

"Ni weye ulishika?"

Mado aliniangalia. Mara moja. Aliniona wakati niligeuza, alikuwa hatua mbili. Halafu akaangalia chini. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Muke ya mutoto hawezi kunyoshea mama mukwe kidole mbele ya bantu.

Miye nilikuwa ku kiti. Sikufungula kinywa.

Chaîne ya bwana yangu haikupata kitu.

Siku ya kwanza, 13 octobre

Léo alimurudisha kwao Kasenga, na camion ya samaki. Hakumupiga. Alisema tu: miaka yangu yote ya kazi, umeifanya moshi. Mado alibeba mutoto mudogo ku mugongo. Rosa, mukubwa, alibakia kwa ajili ya masomo.

"Mubakie muzuri, mama."

Ningependa anitukane.

Siku ya ine, 16 octobre

Fundi alifungula ampli. Transfo, chuma ya ndani yenye inapokea courant, iliungua, ya kubadilisha haiko mu Lubumbashi yote. Léo analala mchana, uso ku ukuta. Nilipika sombe, majani ya muhogo, hakula. Rosa hataki nimusuke, anasema atangoja mama yake.

Niliweka disque. Ampli ya zamani inaimba muzuri. Nilizima.

Miye muoga. Muzee ya bure. Naandika hapa kwa sababu kinywa inakataa.

Siku ya posho, 18 octobre

Kasenga. Nilidanganya Léo naenda kununua samaki. Barabara imevunja mifupa yangu yote.

Mama ya Mado na baba mudogo yake balinipa kiti. Nilikataa, niliikala chini, vile anafanya mutu mwenye kosa kwa bamukwe. Nikasema: ni miye niligeuza, Mado aliona, akanifunika. Baba mudogo alisafisha koo, akanishukuru kwa kufika. Adabu yake ilinikata.

Mado alikuwa anageuza samaki juu ya moshi. Hakuacha kazi.

"Léo anajua?"

"Bado."

"Basi, mama, mulikuya kuambia bantu benye habakunifukuza."

Alinipa maji ya kunywa. Akarudia ku samaki.

Siku ya mbili, 21 octobre

Nilimuambia Léo wakati wa kula. Yote, mpaka Ba Kalenga, mpaka mugongo wima.

Aliuliza kitu moja tu, kama Mado aliona. Nilisema aliona.

Alinawa mikono. Alivaa biatu ya misa. Rosa alimushika suruali, Léo akamubeba. Hakuniangalia, hakufunga mulango na hasira. Camion ya Kasenga inatoka saa nane.

Bukari yake, ugali yenye hakumaliza, niliifunika na sahani. Imeisha kupoa.