Daktari Alivyosubiri Dawa Ikauke

Kitaji, Jumanne

Bado nina hasira kidogo, lakini furaha imezidi.

Leo chumba cha upasuaji tulikuwa tunamtoa uvimbe shingoni mama mmoja muuza samaki wa Mugango. Nikampulizia ile dawa mpya ya kusafisha ngozi, yenye spiriti. Kosa langu, nilipulizia nyingi, ikatiririka ikalowesha shuka. Daktari tayari ameshika kifaa cha umeme cha kuchomea mishipa ya damu.

"Daktari, ngoja. Dawa haijakauka."

"Sista, saa tisa umeme wa mgawo unakatika. Tuanze."

Nikamwambia spiriti ikiwa haijakauka, cheche moja tu ya kile kifaa inawasha moto juu ya mgonjwa. Mimi huwaga sibishani na madaktari. Nikawaza atanishtaki kwa metroni, mkuu wetu wauguzi, nihamishwe. Lakini sikuondoka pale. Nikabadilisha shuka, nikafuta dawa iliyotuama chini ya shingo, tukasubiri dakika tatu nzima. Yule mama, aliyepigwa ganzi ya shingo tu, akanishika kidole.

Uvimbe ulitoka salama, na umeme tuliuwahi, hata muda ukabaki. Daktari hakusema asante wala samahani. Nikajua amenuna.

Kisha akaletwa mgonjwa wa pili, mzee wa Bunda mwenye uvimbe mgongoni. Nikampulizia, safari hii kidogo. Daktari akaweka kile kifaa mezani, akanigeukia mbele ya wauguzi wote.

"Sista, imekauka?"

"Bado, daktari."

Akasubiri.