Mguu wa Mtani Wetu

Chiwata,
S.L.P. 112,
Masasi.

5 Desemba 1999

Mpendwa Mjomba Edmund,

Shikamoo, Mjomba. Naomba umfikishie na Mama Lois shikamoo yangu, na Lois umbusu kwenye paji la uso. Je, kifua chake kimepona? Na wewe, ule mgongo uliokusumbua mwaka jana unaendeleaje? Huwa tunawataja kila tunaposali, na Bibi huliweka jina lako mbele ya majina yote, hata la askofu.

Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza kwa matone, na bado tunaokota korosho za mwisho. Bibi macho yamefifia kidogo lakini masikio ni mazima, na anaambiwa siri ya kila nyumba kabla ya wenye nyumba. Mimi nimemaliza mtihani wa kidato cha pili na niko nyumbani nikingoja matokeo. Hisabati sijui, lakini Kiswahili na Jiografia nina matumaini.

Mjomba, barua yako kwa Mama ilifika. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akarudi kubangua korosho. Jioni Bibi alidai asomewe barua ya mwanawe, nami nikaisoma kwa sauti bila kujua ninachokwenda kukisoma. Uliandika kwamba msafiri mmoja kutoka huku amekwambia dada yako amempeleka mumewe polisi, na kwamba ameutia ukoo wetu aibu. Siku iliyofuata nilimwomba ruhusa nikuandikie mimi. Akafikiri, akasema, "Andika. Lakini usinipambe."

Najitahidi nisimpambe, Mjomba, ingawa kazi hiyo ni ngumu.

Ilikuwa mwezi wa nane, wakati wa kupuliza mikorosho. Baba alikuwa akiendesha teksi yetu, ile Pijo unayoijua, amebeba abiria kutoka Masasi kwenda Newala. Pale Lisekese alikuwa nyuma ya lori lililobeba magunia ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na unajua vumbi la barabara ile wakati wa kiangazi. Baba mwenyewe anakiri kwamba alipaswa kusimama mpaka vumbi litulie. Hakusimama. Alimgonga mtu wa baiskeli, na mtu huyo akavunjika mguu chini ya goti.

Mtu huyo ni Bwana Muharami. Huenda umemsahau. Ni yule mfupi aliyeingia kaburini siku ya kumzika bibi mzaa Baba, akajilaza humo na kusema hatoki mpaka apewe kuku. Ukoo wake na ukoo wa Baba ni watani tangu zamani. Abiria wanasema hata pale chini, mguu umepinda na uso umejaa vumbi, alimwangalia Baba akapiga kelele:

"Eliakimu! Kumbe gari ulinunua kuniulia? Si ungesema tu, ningekuja kwako unipige rungu, baiskeli ya watu ikapona!"

Abiria wengine walicheka huku wakilia. Mmoja akasema polisi waitwe. Bwana Muharami akakataa kabisa.

"Polisi wa nini? Mtu na mtani wake! Nikimshtaki huyu, nani atanizika?"

Basi akapelekwa kwake, na mzee wa kuunga mifupa akamfunga vijiti vya mianzi. Kesho yake ndugu zake walikuja nyumbani kwetu wakipiga vigelegele, wakachukua bata wawili na jembe jipya la Baba bila kuomba, wakaondoka wakitutukana kwa furaha. Kwa desturi jambo lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyenuna, na Baba alilala usingizi wake.

Hapa inabidi nikueleze jambo moja la shuleni. Mwezi wa sita alikuja shuleni kwetu Bwana Vitalis, wakala wa moja ya kampuni hizi mpya za bima ambazo zimefunguliwa siku hizi. Mwalimu mkuu alimruhusu atufundishe usalama wa barabarani na maana ya bima. Wasichana wengi tuliona kwamba kukata bima ni kujitabiria mabaya. Ziada, rafiki yangu, alinyoosha mkono akasema, "Mimi nikikata bima ya maisha, mume wangu atanitilia sumu kwenye mboga." Darasa zima likaanguka kicheko. Bwana Vitalis naye alicheka, kisha akasema, "Basi olewa na mtu anayependa mboga yako." Lakini alitufundisha neno ambalo nilikwenda nalo nyumbani: ile bima ndogo ya gari ambayo kila mwenye gari hulazimishwa kulipa haimsaidii mwenye gari. Ni ya mtu atakayegongwa. Nilimwambia Mama jioni ile tukichambua mchicha. Alisema tu, "Kumbe."

Wiki moja baada ya ajali Mama alikwenda Lisekese kumwona mgonjwa, akanichukua nimbebee kikapu. Bwana Muharami alitupokea kwa matusi yake ya kawaida. Alimwambia Mama kwamba uji wake ni mwepesi kama ahadi za mumewe. Tulicheka. Lakini mguu ulikuwa umevimba na kung'aa kama bilinganya, na jasho lilikuwa likimtiririka ingawa asubuhi ilikuwa na baridi. Tulipotoka, mkewe alitufuata mpaka kwenye mikorosho. Akamshika Mama mkono.

"Mama Huruma," akasema, "usiku hacheki."

Akarudi ndani. Mama aliharakisha njia nzima, mimi na kikapu nyuma.

Tulipofika nyumbani Mama alimkuta Baba akisafisha plagi za gari.

"Baba Huruma, kesho twende polisi."

"Kumshtaki nani?"

"Hakuna wa kushtakiwa. Kusema kilichotokea. Bila PF3, ile fomu ya polisi, hospitali haimpokei yule mtu, na bila polisi watu wa bima hawatoi kitu."

"Unataka waseme nimeukana utani? Mwenyewe amekataa. Nimkimbize polisi mtu aliyenisamehe?"

"Basi wewe kaa," Mama akasema. "Utani ni wenu, ninyi na akina Muharami. Mimi ukoo wangu ni mwingine. Mimi pale sina mtani. Nina mtu aliyevunjika mguu."

Mjomba, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamke anabaki mtu wa kwao hata akiolewa mara kumi. Mama alikwenda kituoni akiwa mtu wa ukoo wako. Utani ulimfunga Baba mdomo, ukamfunga na Bwana Muharami, wote wawili wakabaki wanatabasamu huku mguu unaoza. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kutocheka. Sijui kama wengine wangeliona hilo. Mimi nisingeliona.

Ni kweli polisi walimwita Baba. Alikwenda mwenyewe kwa miguu, akaeleza kila kitu bila kuficha vumbi wala mwendo, na alirudi nyumbani siku ileile. Hakufungwa, Mjomba, hata kwa saa moja. Gari lilizuiliwa mpaka breki zikaguliwe, na mahakama ikamtoza faini. Basi. Hayo mengine uliyoyasikia yameongezwa njiani kati ya Masasi na Tabora, na njia hiyo ni ndefu.

Bwana Muharami alipelekwa hospitali ya misheni na PF3 yake. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, mguu ungekatwa. Waliufungua, wakausafisha, wakauwekea vyuma. Watu wa bima hawakuwa wepesi. Mama alikwenda ofisini kwao mara nyingi mpaka Bwana Vitalis akawa anamwona kwa mbali na kusimama. Lakini walilipa matibabu yote.

Mama hakusifiwa kwa hayo. Kisimani wanawake walimwita Askari. Mmoja akamwuliza, "Leo umemfunga mume, kesho si utamfunga padri?" Mama akajitwisha ndoo yake akajibu, "Padri akiendesha gari kwenye vumbi, nitamfunga." Wakacheka, naye akacheka. Lakini nilimwona nyumbani akikaa muda mrefu na kisu cha kubangulia mkononi bila kubangua.

Umeandika pia kwamba unafikiria kununua gari la teksi huko Tabora, na kwamba bima ni kumlipa mtu asiyekujua. Niwie radhi mtoto kumshauri mkubwa. Bima ndogo ilipe kabla gari halijatoka nje, na stika yake ibandike kwenye kioo. Kama uwezo upo, lipa bima kubwa, maana Baba alitengeneza taa na bodi kwa mfuko wake mwenyewe. Dereva wako asizidishe abiria na asifuate vumbi la lori. Akimgonga mtu, asimalizane naye kienyeji, hata wakipendana namna gani. Kwanza amsaidie majeruhi, kisha aende polisi, na kampuni ya bima ijulishwe mapema. Kumlipa mtu asiyekujua, Mjomba, ndiko kulikomlipia Bwana Muharami, ambaye kampuni ile ilikuwa haimjui.

Na kuna jingine la nyumbani. Bwana Vitalis alipokuja kuandika maelezo yetu, aliona chumba ninachosomea. Salfa ya Baba ilikuwa imepangwa pale kwa kuogopa wezi, pamoja na dumu la petroli la mashine ya kupulizia, na koroboi yangu juu ya meza. Nyumba nyingi huku ziko hivyo. Akauliza nani analala hapa. Nikasema mimi. Alitutazama tu. Mama hakungoja aondoke. Aliyatoa magunia yote siku hiyohiyo, akamsimamia Baba mpaka kibanda cha nje kikapata mlango na kufuli. Sasa kuna ndoo ya mchanga kila mlango, kwa sababu maji yetu ni ya kunywa, hayatoshi kuzimia moto. Ndivyo alivyo dada yako. Jambo akilielewa, halilali.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Baba mwenyewe hana kinyongo. Lakini Baba mkubwa Erasto alisema Mama amebomoa kitu kilichojengwa na wazee, akaitisha kikao cha ukoo wa Baba Jumamosi iliyopita. Walitaka Mama aombe radhi kwa mbuzi, na akikataa, asikanyage tena kwenye misiba na sherehe zao. Mama alikaa kwenye mkeka peke yake. Baba mkubwa akauliza nani atamsemea, maana kaka yake yuko Tabora na inasemekana naye amekasirika. Wazee wakatazamana.

Ndipo akaingia Bwana Muharami na magongo yake. Hakualikwa. Alikwenda moja kwa moja akakaa kwenye kiti cha Baba mkubwa, ambaye alikuwa amesimama.

"Nimesikia mnamhukumu aliyenirudishia mguu wangu," akasema. "Kwani ninyi mlikuwa mnauongojea? Mlitaka muupike supu? Wachoyo wakubwa! Mlinipa bata wawili, mkaona mguu wa mtani ni sawa na bata! Huyu mama ndiye mtu pekee katika boma hili aliyenihesabu kuwa binadamu, na ninyi mnamweka kwenye mkeka!"

Wazee walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mtani hakasirikiwi, na aliyoyasema hakuna mwingine ambaye angeyasema akabaki salama. Hata Baba mkubwa alitikisika mabega. Lakini alipotulia alisema, "Mtani amesema yake. Mwanamke husemewa na kaka yake. Tutangoja neno la Edmund."

Mama akajibu kwa upole kwamba hatamwomba kaka yake aseme asichokiamini. Akainuka, akawapakulia wote chakula, akaanza na Baba mkubwa.

Hivyo wanakungoja wewe, Mjomba. Ukiona Mama alikosa, mbuzi atatolewa na sitanung'unika. Ukiona alitenda haki, andika hivyo kwa mkono wako, na barua itasomwa mbele yao wote. Mama hajui jinsi ninavyotumaini, au labda anajua. Bwana Muharami amesema neno lako likichelewa, atalifuata Tabora kwa miguu, maana sasa anayo miwili.

Bibi anakusalimu sana na anasema uvae fulana asubuhi. Baba anakusalimu, na Mama pia, kwa maneno yaleyale ya siku zote. Wasalimie Mama Lois na Lois, na majirani wanaokuuliza habari za kwenu.

Mungu awafunike kwa mkono wake, awatangulie barabarani na abaki mlangoni penu mnapolala.

Mimi mpwa wako, nikupendaye na kukutegemea,

Huruma Eliakimu