Anayehitaji Tuisheni Kapatikana

Shoga, usipige simu. Niko jikoni najifanya nachemsha chai, mwalimu bado yuko sebuleni.

Yule wa tuisheni ya hesabu, niliyemtafutia binti yangu miezi miwili. Kaja leo. Kaomba madaftari mawili, la darasani na la kazi za nyumbani, akayafungua mezani ukurasa kwa ukurasa.

La darasani, binti kapata karibu maswali yote. La nyumbani limejaa wino mwekundu.

Akauliza, "Nyumbani huwa anasaidiwa na nani?"

Nikajibu kifua mbele, "Na mimi mwenyewe, kila siku."

KILA SIKU. Hakuna aliyenishikia fimbo niseme kila siku.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mama, mtoto hana tatizo lolote. Ila naomba usimsaidie tena."

Usimsaidie tena! Ndani ya nyumba yangu, nimekaa kwenye kochi langu!

Nikamgeukia binti, aliyekaa pembeni yangu: "Kumbe ulijua nakupa majibu yenye makosa?"

"Tangu darasa la tatu, mama. Lakini ulikuwa unafurahi sana tukikaa pamoja."

Tangu la tatu, shoga. Sasa hivi yuko la sita. Miaka mitatu mtoto anakubali kukosa ili mimi nifurahi.

Nimeshindwa hata kukasirika. Mwalimu nimemchukua hivyo hivyo, Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni.

Mwanafunzi ni mimi.

Binti kasema atakuwa anakaa pembeni yangu kila kipindi, ila majibu hatanipa.