Bomba Ulilonishikia

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile. Simu yangu hupokei, basi nimechukua kalamu. Mama yako atakuletea hii Jumamosi akija huko Mbeya kuuza ndizi. Alitaka aniandikie, nikakataa. Niliishia darasa la pili, lakini mkono huu hakuna kazi iliyoushinda.

Ulikuwa na miaka minane ulipoanza kushinda na mimi kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Makandana. Ulitumwa kuniletea chakula, ukakataa kurudi. Nikakupa tupa, ukaisugua kwenye chuma kama unaosha sufuria. Nikakwambia, "Sukuma, usisugue. Ukirudi, inyanyue." Ulirudia mpaka kidole kikatoka damu na hukulia. Toka Kiwira mpaka hapa hakuna mashine ya kumenya kahawa iliyonigomea, na watu walifika mahali wakiniita wanauliza kama yule wa kike naye anakuja. Uhandisi wako ulianzia kwangu, hata kama chuoni wanajisifu wao.

Ulipopata nafasi ya mafunzo kwenye kiwanda cha jeshi ulinipigia unacheka na kulia. Ulisema darasa zima mmechukuliwa wawili, na huko kuna mashine zinachonga chuma kwa kipimo ambacho jicho halikioni. Ukasema watakuja watu kuuliza habari za nyumbani. "Babu, jibu wanachouliza tu. Usiongeze."

Wakaja wawili na mwenyekiti wa mtaa, wamevaa kiraia, mashati yamepigwa pasi. Wakauliza tabia yako, marafiki zako, kama umewahi kuwa na kesi. Nikajibu vizuri. Wakafunga daftari. Mimi ni nani, hawakuuliza. Wamekalia viti nilivyochomelea mwenyewe, wananiangalia kama mlinzi wa shamba la chai. Mmoja, mdogo kuliko mama yako, akaniaga, "Haya mzee, endelea kupumzika."

Mimi napumzika? Nikawarudisha kwenye viti. Nikawaambia bunduki zao si kitu kigeni kwangu, nimetengeneza gobore kwa mikono hii, la kufukuzia nguruwe pori kule msituni, na lililia. Daftari likafunguliwa tena, nami nikafurahi. Yule mdogo akauliza kwa upole kama na mjukuu anaijua kazi hiyo. Nikasema, "Huyo? Alinishikia bomba akiwa na miaka minane."

Mara ya mwisho ulipopiga uliuliza kitu kimoja: "Babu, uliwaambia nini?" Nikajibu nimewaambia ukweli, wakiuogopa shauri yao. Ukakata. Nasikia mwenzako ameingia kiwandani, wewe wamekutupa gereji ya malori unamwaga oili chafu.

Wale nina hasira nao mpaka leo. Wanatafuta mafundi, halafu wanaogopa nyumba ya fundi. Na wewe nina hasira nawe, kwa sababu hukuniuliza mara ya pili. Ungeuliza mara ya pili, ningeshindwa kukujibu vile.

Gobore lile nililipeleka kituoni mwenyewe, watu walipoambiwa wasalimishe silaha. Mama yako alikuwa hajaolewa, na wewe hukuwepo duniani. Bomba ulilonishikia lilikuwa la maji, la kanisani. Ulilikumbatia kwa mikono miwili, umefumba macho, unaogopa lisinidondokee mguuni.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kumwambia hivyo. Akasema wale wageni hawakuacha namba, na karatasi zilishaondoka. Nilirudi na mvua yote mgongoni. Hapa mtaani sijamwambia mtu mwingine, na sitamwambia.

Barua hii wapelekee chuoni, au popote wanapopokea karatasi. Nimeandika herufi kubwa ili wasisingizie haisomeki. Kama wamechelewa, wamechelewa, lakini wewe usome mpaka chini. Tupa yako naipaka mafuta isishike kutu. Hakuna anayeigusa.

Ni mimi babu yako,
niliyeongeza.