Trekta Lako Limekaa Juu ya Mkongo

Mestri Abudu, fundi na mtani wangu,

Nimefungua magurudumu mawili ya nyuma ya trekta lako peke yangu, asubuhi moja, chai haijapoa. Usinikodolee macho. Haya, tulikuwa watu wanne, siku tatu, na mimi muda mwingi nilikaa juu ya debe nikiwatukana wenzangu. Lakini yametoka, na hakuna aliyeumia hata ukucha.

Mkeo alitaka kuliuza chuma chakavu. "Shemeji, limemla mume wangu, unataka likutafune na wewe?" Nikamwambia mifupa yangu haina utamu, aniachie mpaka mvua za kwanza. Kijiji kizima cha Mute tunalima kwa jembe la mkono, nawe ulimaliza ujana wako ukilifufua kongwe hilo. Haliuzwi.

Tulilisukuma kutoka kwenye mchanga wa uani kwako mpaka sakafu ya simenti ya ghala la korosho. Ungesema mbali. Ndiyo, mbali, tulitema mapafu. Magurudumu ya mbele tukayawekea kabari, mbele na nyuma. Kabari nyingine tukazipigilia juu ya ekseli ya mbele, kushoto na kulia, maana ekseli ile inacheza kama kiuno chako ngomani, na trekta likiinuliwa nyuma linaweza kulala ubavu. Nati tulizilegeza gurudumu likiwa bado chini. Ndipo jeki, juu ya ubao mpana. Halafu vipande vinene vya mkongo, mti mgumu kama chuma, viwili hivi, viwili vya kukingama, mpaka ekseli ya nyuma ikakaa. Nikalitikisa kwa hasira zangu zote. Halikusogea. Ndipo nikaruhusu nati zitoke.

Jiwe la matumbawe halikukanyaga ghala lile. Nimekataza.

Maana lile jiwe, mtani, nililileta mimi, kwa baiskeli, najisifu. "Hili limebeba nyumba ya babu yangu, litashindwa na kikweche chako?" Tukaliegemeza ekseli. Jeki ikazama mchangani, jiwe likapasuka kama muhogo mkavu. Ulikuwa chini ya trekta, umeanza kunijibu. Sikusikia mwisho wake.

Mazikoni walinitazama wakingoja nikutanie. Ndiyo kazi ya mtani, kuchekesha msiba. Nikanyamaza. Wakasema, masikini, huzuni. Si huzuni tu. Mkeo hajui habari ya jiwe.

Sasa naziba mafuta yanayovujia kwenye breki. Magurudumu yatarudi, na shamba la kwanza kulimwa ni la mkeo. Nikimaliza tuta la mwisho nitazima injini, nishuke, nimwambie kwa mdomo wangu huu huu mchafu. Nimeapa, na safari hii sitanii.

Pumzika, mestri, ujanja wako wote umelala na wewe.

Ila kuna deni. Ulipotaka kumuoa ulitetemeka kama kifaranga, nikaenda mimi kwao kukusemea. Hujanilipa. Basi mtokee ndotoni mara moja tu, umwambie nikifika asininyime kiti.