Sauti ya Agnes Kanisani

Jumapili, 2 Machi
Kwaya tena. Mhadhiri wa sanaa za maonyesho anataka kila wiki tutazame onyesho moja la jukwaani, tuandike limetugusaje. Wenzangu wameenda kwenye muziki wa singeli na maigizo. Mimi naandika kanisa letu hapa Kibamba.

Kwaya yetu inaimba kwa plebeki. Fundi mitambo anachomeka flashi, wimbo uliorekodiwa unapigwa, wao wanacheza na kufuatisha kwa midomo. Sauti inayoongoza ni ya dada yangu Agnes. Tulimzika mwaka jana. Siku hizi Joyce ndiye anashika maiki. Anafungua mdomo, anatoka dada yangu.

Nimechukia. Wimbo ulipoisha nikatamani warudie.

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika ukurasa mzima kuhusu sare na hatua za kucheza. Kuhusu sauti, hata neno. Kabla ya ubeti wa pili Agnes anavuta pumzi. Naisikia hata nikiwa nafua. Naiogopa.

Jumapili, 9 Machi
Leo nimemtazama mama badala ya kwaya. Macho amefumba, anatabasamu. Wimbo ukiisha anachukua pochi yake anatoka, mahubiri hasubiri. Wimbo huo ninao kwenye simu, nilishampa, hakuutaka. Anasema kwenye simu ni kanda tu, kanisani Agnes anakuwepo.

Joyce alisahau, akafunga mdomo mapema. Sauti ikaendelea yenyewe. Watoto wakacheka.

Ijumaa, 14 Machi
Joyce kaja nyumbani na mwalimu wa kwaya. Shikamoo, chai. Halafu Joyce akasema, "Mama, naomba niimbe kwa sauti yangu. Mie nikisimama pale najiona kama nimevaa nguo za marehemu."

Mama akamuuliza, "Na mie mwanangu nitamsikia wapi?"

Mwalimu akasema bila ruhusa ya mama hawabadilishi kitu. Mama akakataa. Joyce aliondoka chai hajaigusa. Nilimwonea huruma, na moyoni nilifurahi. Sijipendi leo.

Jumapili, 16 Machi
Joyce hakutokea. Mwalimu akaamua wapige hivyo hivyo.

Maiki kwenye stendi, nyuma yake hakuna mtu. Agnes akaanza kuimba. Wanakwaya wakacheza hatua chache, wakaacha mmoja mmoja. Dada yangu anaimba pale pasipo na mtu.

Mama alifumbua macho. Akaitazama ile nafasi. Nilidhani ataanguka. Akainuka, akaenda taratibu mpaka kwa fundi mitambo.

"Zima, baba," akamwambia. "Mwache mwanangu apumzike."

Akarudi, akakaa mpaka ibada ikaisha.

Jumapili, 23 Machi
Joyce ameimba mwenyewe, na kinanda tu. Sauti nyembamba. Mara mbili alipotea, akajirudisha. Mama alimshika mkono mlangoni.

Mchana mama aliingia chumbani kwa Agnes, akalala kitandani kwake. Akalia kwa sauti. Msibani hakulia hivyo. Majirani walikuja, nikawaambia hakuna tatizo, mama anamlilia Agnes. Wakavua viatu, wakakaa nami ukumbini. Hakuna aliyekwenda kumnyamazisha.