Pilau Bila Kachumbari

Shikamoo Mama,

Guangzhou mvua haikatiki, lakini leo nacheka peke yangu. Ile kazi yangu ni kuhamisha machaguo ya programu, pamoja na masharti yake ya kipi lazima kiende na kipi, kutoka lugha moja ya kompyuta kwenda nyingine. Kwa majaribio nikatumia menyu ya mgahawa wako. Kompyuta ikapokea tafsiri bila kulalamika, nami nikajisifu. Mei, mwenzangu wa maabara niliyempikia pilau siku ya Idi, akachungulia, akapiga kelele: "Zuhura! Hii inaruhusu pilau bila kachumbari!" Kweli, lile sharti lako kwamba pilau haitoki bila kachumbari lilikuwa limedondoka njiani. Kesho ningeaibika mbele ya profesa! Nimelirudisha. Sasa hapa maabara, tafsiri haiaminiki mpaka ipite jikoni kwako.

Naibusu mikono yako yenye harufu ya bizari,
Zuhura